Chini ya Gari la Mwingereza

Kishindo chenyewe hakikuwa kikubwa. Ashura alikuwa jikoni akichagua mchele, akasikia kitu kimekatika nyuma ya nyumba, kisha chuma kikagonga chini, kisha kimya. Mtu asiyejua angedhani ni mlango umebamizwa na upepo. Ashura alijua. Ungo ulimtoka mikononi, mchele ukatapakaa, naye akakimbilia uani, maana tangu asubuhi alikuwa akikingoja kishindo hicho na kujidanganya kwamba hakitakuja.

Gari lilikuwa limelalia upande mmoja. Chini yake ilitokeza miguu ya mume wake, Nassibu, kandambili moja mguuni, nyingine imeruka huko.

"Baba Ukasha!"

Mguu mmoja ukacheza. Kisha ikatoka sauti ambayo hakuwahi kuisikia kwa mwanamume yule aliyezoea kufokea malori barabarani. "Pumzi," ilisema. "Mama Ukasha... pumzi."

Gari hilo, tuseme ukweli, lilikuwa balaa tangu siku lilipoingia Bungu limefungwa kamba juu ya tela la trekta. Gari la michezo la Kiingereza, la zamani za babu zetu, dogo, limeinama chini kama linatafuta kitu, halina paa, na rimu zake zina spoku kama za baiskeli. Mwingereza mmoja aliyekuwa akishughulika na pamba alilitelekeza ghalani, kuku wakataga ndani yake miaka nenda miaka rudi, mpaka Nassibu, fundi malori, alipoliona na kupagawa. Alitoa pikipiki yake nzima akapewa kutu. Tangu hapo kila jioni ni msasa na kulehemu. Sakafu ameifanya kwa bati la pipa, nyaya amezivuta upya mmoja mmoja, injini ameifungua juu ya mkeka wa wageni na hakuomba hata ruhusa. Na lina viti viwili tu. Hapo ndipo wambeya wa Bungu walipopata la kusema: mtu ana wake wawili, analeta gari lenye kiti cha dereva na kiti cha mmoja!

Ashura ndiye mke mkubwa. Mdogo ni Mwanajuma, binti wa wakata mikoko wa Kiongoroni, na nyumba yake ipo palepale, nyuma ya ua wa makuti. Wanasikilizana hata wakikohoa. Kusemeshana ni jambo jingine.

Kaka zake Mwanajuma walimletea boriti za mkoko ili aezeke jiko lake. Nassibu akachukua nne bila kuaga, azikate ziwe nguzo za kushikilia gari wakati yeye yuko uvunguni, kwa kuwa ana jeki moja tu na mkoko anauamini kuliko chuma. Mwanajuma akaja kuzidai, na bahati mbaya akaja siku ya zamu ya Ashura. Ashura akiwasha ulimi wake hauzimiki kwa ndoo moja. Alimsimamisha mlangoni majirani wakisikia. "Siku yangu usitie mguu hapa! Hata ukisikia nyumba inaungua, kaa kwako!" Mwanajuma akaapa kwamba hatatia.

Nassibu alipokwenda Kibiti kutafuta vipuri, Ashura akazirusha zile boriti juu ya ua, moja baada ya nyingine, asije akaonekana anakaa na kitu cha mke mwenza. Badala yake akatoa vipande vinne vya nguzo za jiko lao la zamani, akavikwangua masizi, na mume wake aliporudi akamwambia kwamba Shaban seremala keshazikata zile boriti. Asubuhi ya leo Nassibu alivigonga kwa kifundo cha kidole, akacheka. "Mkoko hauna mchezo, mama Ukasha." Ashura angeweza kusema wakati ule. Maneno yalimfika mdomoni, akayameza.

Sasa kipande cha mbele kilikuwa kimepasuka katikati, na ndani yake palikuwa na vumbi tupu. Mchwa walikwishamaliza kazi yao zamani. Vile vingine vitatu vilikuwa bado vimesimama, na Ashura hakuthubutu kuvitazama mara mbili.

Alitafuta jeki, akaiona imebanwa hukohuko chini. Akalishika bodi la gari kwa mikono mitupu akainua, na gari halikujua hata kama limeguswa. Pembeni palikuwa na bomba la chuma ambalo Nassibu hulitumia kulegeza nati za magurudumu. Akalichomeka chini ya gari, akaweka tofali, akakandamiza. Tofali likasambaratika. Akaweka jingine, akalala juu ya bomba kwa tumbo lake zima, na gari likapanda kidogo, upana wa kidole. Chini yake Nassibu akavuta pumzi ndefu yenye mkoromo.

"Hapohapo," alisema. "Usi... usiachie."

Alilegeza mikono kidogo tu ajaribu. Nassibu akalia. Hapo ndipo hofu ilipomkamata Ashura sawasawa, kwa kuwa alielewa kwamba akiondoka kwenda kuita watu atamkuta maiti, na akibaki, nguvu zitamwisha, na atamkuta maiti vilevile.

Akapiga kelele. Jirani, mashine ya Dulla ya kusaga nafaka ilikuwa inanguruma na kumeza kila neno. Watoto walikuwa chuoni, wakisoma Kurani. Majirani wengine wapo kwenye mikorosho. Jasho lilimwingia machoni, akashindwa kulifuta. Kisha, mashine ilipopumua kidogo, akasikia kitu upande wa pili wa ua: mchi. Mwanajuma alikuwa anatwanga kisamvu.

Tangu siku ya ugomvi Ashura hakuwa amelitamka jina la yule mwanamke, wala la mtoto wake. Akilazimika kumtaja, alisema "yule wa upande wa pili."

"Mama Yasmin!" aliita.

Mchi ukasimama.

"Mama Yasmin, njoo! Njoo upesi!"

Kisha mchi ukaanza tena, polepole, du, du, du. Pengine anadhani tunagombana, aliwaza, kama kawaida yetu. Pengine anadhani namkebehi. Au amesikia vizuri kabisa na anatimiza kiapo nilichomlisha mwenyewe. Hilo la mwisho ndilo lililomtisha zaidi.

"Nimekosa!" alipiga ukelele. "Nimekosa mie! Leo si siku yangu, nakupa, chukua siku zote! Baba Yasmin anakufa! Baba Yasmin yuko chini ya gari!"

Hakuwahi kumwita mume wake kwa jina hilo. Lilimtoka tu. Na mara makuti ya ua yakakatika kwa kishindo, Mwanajuma akapita katikati yake, hakujisumbua na mlango, kanga imemvuka kichwani na mikono ya kijani kwa kisamvu.

Akaiona ile miguu. "Mungu wangu."

"Siwezi kuachia," alisema Ashura. "Nikiachia anabanwa."

"Usiachie, bi mkubwa." Mwanajuma akapiga magoti, akaangalia chini ya gari, akaokota kipande cha nguzo iliyovunjika. Akakipindua. Vumbi likammwagikia kiganjani. Akalitazama vumbi, kisha akamtazama Ashura usoni, sana.

"Hii si boriti yangu."

Ashura akazidi kukandamiza bomba. Alihisi kama amevuliwa nguo barabarani. Sasa kuna mtu mwingine aliyejua, na huyo mtu ndiye aliyekuwa akimtegemea.

Mwanajuma akainuka, akarudi kwa lile tundu la ua. Kwa muda ambao Ashura hakuweza kuupima, hakuwepo. Amekwenda zake, Ashura aliwaza. Ameniacha na dhambi yangu. Mikono ilikuwa inakufa ganzi, na chini Nassibu alikuwa ameanza kusoma shahada, neno moja moja, akipumzika katikati.

Kumbe alifuata boriti. Alirudi nayo begani, ndefu, nzito, ile moja aliyobakiza alipomaliza kuezeka, huku akikisukuma kinu kwa mguu, majani yamo bado. Akakilaza kinu karibu na gari, akakikaza kwa matofali kisibingirike, akapitisha boriti juu yake mpaka ncha ikashika chuma. Akaning'inia kwenye ncha ya pili. Gari likalia, likapanda. Likapanda tena.

"Mtoe," alisema kwa meno yaliyoumana.

Ashura akaachia bomba, akashika miguu ya mume wake, akavuta. Nassibu alisogea kidogo, akakwama. Akavuta tena, akasikia kitambaa kinakaza. Mkanda wa ovaroli ulikuwa umenaswa na bolti huko ndani, karibu na bega, mahali ambapo mkono wa mtu aliye nje haufiki.

Alisimama akiangalia ile nafasi kati ya ardhi na gari. Ingemtosha akijilaza kifudifudi. Juu yake pangekuwa na gari, na gari lingekuwa mikononi mwa mwanamke aliyemtukana mbele ya mtaa mzima, ambaye mkononi mwake vumbi la mchwa lilikuwa bado limegandana na jasho.

"Utaweza kulishika?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Sijui," alisema Mwanajuma. "Ingia."

Ashura akapiga moyo konde akaingia. Oili ilimchuruzikia shingoni. Uso wa Nassibu ulikuwa pale, wa kijivu, macho yamefunguka hayaoni. Akapapasa bega, akaupata mkanda, akauvuta uchomoke kwenye bolti, vidole vikateleza. Kwa upande aliiona miguu ya Mwanajuma. Nyayo zilikuwa zimekanyaga ardhi. Kisha visigino vikaanza kuinuka, taratibu, na gari likaanza kushuka.

Likashuka mpaka likamgusa mgongoni. Likasimama hapo. Halikumlemea, lilimgusa tu, baridi, kama mtu anayemwekea mkono. Ashura alitaka kusema nimekosa, na neno hilo alikwishalisema. Aliviangalia vile visigino viwili vyenye nyufa vikiwa hewani, na akajua, bila ya mtu kumwambia, kwamba huyu mwanamke hashindwi na uzito. Anafikiri.

Kisha visigino vikarudi chini kwa kishindo, gari likapanda.

"Fanya haraka, bi mkubwa!" Mwanajuma alilia. "Fanya haraka, nakuomba!"

Ashura akauma mkanda kwa meno. Uzi ukakatika, akauma tena, ukaachia. Akarudi nyuma kwa magoti na viwiko, akashika makwapa ya mume wake, akavuta kwa nguvu ambazo hakujua anazo, na wote wawili wakatoka wakaangukia mchangani.

"Achia! Tumetoka, achia!"

Mwanajuma hakuachia. Alikuwa amefumba macho, amekumbatia boriti. Ashura ilibidi ainuke, amwendee, amfungue vidole. Kimoja, kingine, kingine. Cha mwisho kilipotoka gari likabwagika, zile nguzo tatu zikapasuka kwa pamoja, na taa ya mbele ikavunjika vipande vipande. Hakuna aliyegeuka kuiangalia.

Nassibu alikuwa anakohoa. Alikohoa damu kidogo, kisha akakohoa bila damu, kisha akaomba maji. Alikuwa hai. Dulla wa mashine, aliyekuja kuona kishindo kile ni cha nini, alishika kichwa kwa mikono miwili, kisha akatimua mbio kwenda barabarani kutafuta bajaji ya kumpeleka hospitali.

Wale wanawake wawili wakakaa chini mchangani, mmoja kulia, mmoja kushoto, wamemweka mume wao katikati. Mwanajuma alikuwa analowesha pindo la kanga kwa maji na kumfuta uso.

"Bi mkubwa," alisema, bila ya kuinua macho. "Ulipoingia kule chini, nilitaka kuachia. Wallahi. Ilinijia."

Ashura alihisi ile baridi ya chuma mgongoni upya, hapo juani, gari likiwa mbali naye. Alidhani hofu imekwisha, kumbe ilikuwa imehama tu mahali.

"Nilijua," alisema. "Niliona miguu yako."

"Na hukusema kitu."

"Ningesema nini?" Alimshika Nassibu mkono, akapapasa mapigo yake, yapo. "Ungekuwa wewe ndiye uliyeingia, na mie ndiye niliyeshika..."

Mwanajuma alingoja amalize, akangoja sana, mpaka aliposikia bajaji inaingia uani. Wakamnyanyua mume wao kila mmoja kwa upande wake, na njia nzima ya kwenda hospitali hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake machoni.