Bibi Pelagia Akataa Kuwa Bapa

Heru Juu nzima hakuna aliyekuwa na miji mingi kama Bibi Pelagia. Kasulu ilikuwa yake, Kigoma yake, Dodoma yake. Hata Bujumbura alipewa na mkwe wake siku ya mahari. Yote aliipata kwa vitendawili, maana ukishindwa kutegua unatoa mji, na yeye hajawahi kutoa hata kitongoji.

Basi siku moja mjukuu wake Winifrida, wa kidato cha tatu, akamfuata jikoni.

"Bibi, nimeandika hadithi. Jumamosi naisoma shuleni mbele ya wazazi. Weye umo."

Bibi akaacha kumenya muhogo. "Mimi ndo mhusika mkuu?"

"Mkuu ni mbuzi aliyepotea sokoni. Weye ni mhusika bapa."

"Bapa ndo nani?"

"Asiyebadilika. Anavyoingia mwanzo ndivyo anavyotoka mwisho. Anayebadilika anaitwa mhusika duara. Kwangu ni Mzee Nurudini wa dukani."

"Nurudini! Anabadilisha nini yule, zaidi ya bei ya sukari? Na nani anayesimulia maneno hayo?"

"Msimulizi maizi, bibi. Hasemi 'mimi', ila anajua yote, mpaka yaliyomo mioyoni mwa watu."

"Basi kwangu hajapiga hodi."

Usingizi ukamkataa. Akae mbele ya wazazi wote, asomwe kama panga lililolazwa? Jumapili akaenda kanisani kwa bodaboda, yeye anayetembea siku zote, macho kayafumba njia nzima.

"Hiyo safari tu, bibi," Winifrida akacheka. "Mhusika hubadilika tabia."

Tabia. Bibi aliijua ni ipi, ikamuuma kama gego.

Alhamisi wakaenda dukani kununua sabuni. Wateja walikuwepo, na Mzee Nurudini, aliyekwisha kumpa bibi nusu ya Tanzania, akaegemea meza, akamwita bibi kwa jina la mwanawe.

"Mama Kipriani, kitendawili!"

"Tega."

"Nina mgeni. Asubuhi namfukuza kwa ufagio, jioni namkuta kakaa kitini."

Vumbi! Kiangazi hiki hata mtoto wa mgongoni analijua. Jibu likampanda bibi mpaka kwenye meno. Akaling'ata. Akalimeza.

"Kimenishinda," akasema. "Chukua Kibondo."

Wateja wakageuka. Kisha Mzee Nurudini akapiga yowe.

"Jamani mmesikia? Haya, nimekwenda Kibondo! Nimepokewa kwa ngoma, nimekula kuku, nimelala kwenye godoro, na jibu ni vumbi!" Akacheka hata kofia ikamdondokea kwenye gunia la maharage.

Bibi alirudi kama anayetoka mazikoni. Winifrida, nyuma yake, akasema taratibu, "Nimeuona mdomo wako, bibi."

"Umeona nini?"

"Sijasema kitu. Mwisho wa hadithi nitauandika upya."

Jumamosi bibi akakaa kiti cha mbele, kitenge kipya, Mzee Nurudini ubavuni. Winifrida akasoma: mbuzi akapotea, mbuzi akapatikana, wakafika dukani, kitendawili kikategwa, Kibondo ikatolewa. Watu wakaguna kwa mshangao. Bibi akanyoosha mgongo. Sasa nimekuwa duara, akawaza.

Winifrida akaendelea: "'Lakini bibi alilijua jibu. Lilimfika kwenye meno, akaling'ata, akalimeza, ili asiitwe bapa.'"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Mzee Nurudini akageuza shingo polepole.

"Mama Kipriani. Ulijua?"

"Aliyesema ni msimulizi."

"Ulijua!"

"Baba, huyo ni maizi, anajua yote. Mimi nitambishia vipi?"

Mzee Nurudini akasimama, kofia mkononi. "Mimi mwanamume mwenye duka, sili mji wa sadaka! Kibondo yako hii hapa, ichukue!"

Watu wote wakamtazama bibi. Kule mbele Winifrida alikuwa akimwomba kwa macho: kataa, bibi, kataa. Mhusika duara angekataa, bibi alilifahamu hilo vizuri sana. Lakini akaifikiria Kibondo, na yule kuku, na godoro lile.

Akanyoosha mkono.

"Lete," akasema, "pamoja na ile ngoma."