Nyumba ya Kubana Kidevuni

Saa sita kamili mchana, siku ya Alasitas, sikukuu ya vitu vidogo ya kila Januari, La Paz nzima huinua mikono. Anayetaka gari huinua kigari cha kukaa kwenye kidole, anayetaka mume huinua jogoo wa udongo, na waganga hupita wakifukiza uvumba ili kilicho kidogo kije kuwa kikubwa kabla mwaka haujaisha. Lizeth Condarco alitaka mengi, basi mikono haikumtosha. Alikuwa na kigari, sanduku la safari la saizi ya kiberiti, furushi la vinoti vya bandia, kimfuko cha sukari, kisimu, na nyumba ya plasta yenye paa jekundu, ambayo alikuwa ameibana kidevuni.

“Mwanangu, umekuja kuomba au unahama?” aliuliza mama yake mdogo, Doña Fortunata, ambaye kibanda chake ndicho kilichomuuzia nusu ya mizigo ile.

“Nahama, mama mdogo. Ndicho ninachoomba.”

Kweli alikuwa anaomba hivyo. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, kazi kwenye duka la miwani, na bado analala kitanda kimoja na binti wa Doña Fortunata, msichana anayepiga mateke usingizini kama analipwa. Don Casto, mzee wa mtaa wa juu, alikuwa na chumba kitupu chenye dirisha linalotazama mlima Illimani. Alitaka boliviano elfu moja na mia nane za kuanzia, mkononi, kabla ya Ijumaa ya karnivali. Zisipofika, chumba ni cha kijana mmoja anayesomea meno.

“Hiyo nyumba ina tundu kwenye bomba la moshi,” Doña Fortunata alimwambia. “Hela inaingia, haitoki. Na usije ukaivunja kabla haijawa ya kweli. Utakuwa umeivunja na ile ya kweli.”

“Na hela ya kutia iko wapi?”

“Umenipa mimi, umempa mwenye visimu, umempa mwenye visanduku. Mimi sirudishi.”

Lizeth alirudi nyumbani, akapanga vitu vyake juu ya blanketi, akajilaza kando yake. Jua la mchana liliingia kwa upole, na uvumba ulikuwa bado kwenye nywele zake. Akasinzia.

Akajikuta amekuwa mdogo kama kidole gumba, anaishi ndani ya nyumba ya plasta. Kulikuwa kweupe mle, kweupe kama ndani ya yai. Mshahara ulishuka kutoka angani kwa gari la kuning’inia kwenye kamba, noti moja moja, kila moja imekaa kwenye kiti chake kama abiria. Lizeth akazikaribisha. Lakini nyumba ilikuwa na madirisha mengi kuliko alivyokumbuka, na kila dirisha lilikuwa likivuta pumzi. Moja lilinuka salteña, sambusa za nyama za moto, noti ikatoka. Jingine liliita kwa sauti ya Grover, mwenzake wa dukani, “Dada, nikopeshe, Jumatatu narudisha,” noti mbili zikatoka zikichekacheka. Hazikuibiwa. Zilitoka kwa adabu, zikimpungia mkono, na yeye alikuwa akizipungia pia. Alipogeuka kutazama paa, halikuwepo. Badala yake Illimani ulikuwa umeinama, mkubwa, mweupe, unamwangalia.

Aliamshwa na teke la mbavu. Binti wa Doña Fortunata naye alikuwa amekuja kulala mchana.

Lizeth akakaa. Akafungua lile furushi la vinoti vya bandia, akatoa mshahara wake wa mwezi, kinoti kwa kinoti. Akaweka vitatu chini ya kimfuko cha sukari: chakula. Kimoja chini ya kigari: nauli. Kimoja chini ya kisimu. Vinne chini ya sanduku, vya mama yake kule Oruro. Hapo akawa mkweli, akaweka vya salteña, vya Grover, vya kupaka kucha rangi. Alipofika kwenye nyumba, mkononi kilibaki kinoti kimoja.

Alikigeuza pande zote mbili. Halafu akavikusanya vyote, akaanza upya. Safari hii alianza na nyumba. Akaweka tisa. Vilivyobaki ndivyo vilivyoenda kugombana na sukari, na kucha zikakosa hata kimoja.

Mwisho wa Januari alifanya vilevile, ila kwa noti za kweli. Noti tisa za mia mia zilipita kwenye bomba la moshi kabla hajavua koti. Kile kinoti cha peke yake akakisindikiza humo humo. Mwezi wote alikula supu ya karanga ya Doña Fortunata na kuosha vyombo kama malipo. Mwisho wa Februari, tisa tena.

Jumatano ya wiki ya karnivali Grover alikuja mbio mpaka kwenye meza yake.

“Dada, vazi lako la ngoma ya morenada liko tayari! Linang’aa mpaka fundi anavaa miwani. Bado mia saba tu.”

Morenada alikuwa akiiota tangu utotoni, akitembea nyuma ya bendi na sufuria kichwani kama kofia.

“Mwaka huu sichezi.”

“Acha utani! Si una hela kwenye kile kinyumba? Kipige nyundo.”

“Kuna mtu anaishi humo,” Lizeth alisema.

Grover alimwangalia, akamgusa paji la uso kuona kama ana homa.

Ijumaa alipanda ngazi za mtaa wa juu, nyumba kidevuni kama siku ile. Don Casto alifungua mlango akiwa na mswaki mdomoni.

“Hela?”

“Zimo humu. Nipe ufunguo kwanza, Don Casto. Lazima niwe ndani ndipo niivunje.”

“Miaka yote napangisha, sijaletewa nyumba kulipia nyumba.” Lakini alikuwa mtu wa La Paz, akatoa ufunguo.

Lizeth aliingia, akasimama katikati ya chumba kitupu, akapumua. Ndipo akaigonga kwenye ukingo wa dirisha. Don Casto alihesabu, akaridhika, akainua kile kinoti cha bandia.

“Na hiki?”

“Hicho changu. Ndicho nilichojifunzia.”

Chini barabarani bendi ilipita, na Grover mbele yao, anang’aa kama samaki. Lizeth alipunga mkono. Kipande cha paa jekundu alikiweka dirishani, mbele ya mlima.