Majani Yasiyochemshwa

Mama alimnunia wifi yake miaka ishirini na sita, na chanzo kilikuwa majani. Mwanawe wa kwanza alikanyaga msumari, mguu ukavimba na kutunga usaha. Wifi akaja na majani ya porini, akasema yatwangwe mabichi, yabandikwe kidondani. Mama akaona huo ni uchafu. Akayachemsha mpaka maji yakawa meusi tii, akamwosha nayo mtoto asubuhi na jioni. Siku ya nane mtoto akafa. Mama akatangaza kwamba wifi yake kamuulia mwana, na ndugu wakaitikia. Yule mwanamke akafungiwa milango yote, hata wa kaka yake wa damu.

Binti aliyezaliwa baada ya msiba ule alisoma, akapata kazi maabara. Ndiye aliyeomba majani yale yapimwe. Hakuwa na nia ya kumtetea shangazi yake. Alitaka tu kujua.

Fungu moja alilichemsha kama mama. La pili alilitwanga bichi, akaliloweka kwenye spiriti, akachuja. Akachovya vikaratasi vya mviringo katika kila moja, akavikausha mpaka spiriti ikaisha, akavipanga kwenye sahani zilizopandwa bakteria wa vidonda. Kesho yake, kwenye sahani ya majani yaliyochemshwa, bakteria walikuwa wamestawi mpaka juu ya karatasi. Kwenye ile nyingine, kila kikaratasi kilizungukwa na duara jeupe, safi, lisilo na kitu. Akarudia mara nne.

"Kumbe moto ndio unaoua dawa!" mkuu wa maabara alishangilia. "Hongera, bwana! Mbona umenuna kama umefiwa?"

"Nimefiwa," akajibu, akaenda kunawa mikono.

Nyumbani alimkuta mama akikunja nguo.

"Mama, yale majani yana dawa."

"Yangekuwa na dawa, kaka yako angekuwepo."

"Yakichemshwa hayafai kitu. Mabichi ndiyo yanaua bakteria. Sisemi kaka angepona. Labda sumu ilikuwa imeshaingia kwenye damu..."

Mama alikunja shati lilelile mara tatu.

"Nani mwingine kwenye ukoo anajua?"

"Hakuna."

"Basi liishie hapa."

"Lakini shangazi anaumwa, mama. Umri nao umekwenda."

"Nikimvua yeye hilo jina nimvike nani? Nijivike mwenyewe?"

Jumamosi binti alimfuata shangazi kwenye chumba chake cha kupanga, nyuma ya duka la fundi cherehani. Alimweleza yote, mpaka zile sahani. Shangazi alisikiliza, kifua kikimbana.

"Mama yako ndiye aliyekutuma?"

Angeweza kudanganya. "Hapana, shangazi."

"Basi hukuniletea kitu. Hayo niliyajua kabla hujazaliwa. Unadhani miaka yote hii nilikuwa nangoja bakteria wanisafishe jina? Nilikuwa namngoja wifi yangu abishe hodi."

Akajifunika shuka mpaka kidevuni, akageukia ukutani.

Hakumaliza miezi miwili. Mama alikwenda mazishini, na hakuna aliyelia kumshinda. Ilibidi ashikwe na wanawake wawili asijitupe kaburini.

"Huyu mama ana moyo," watu walinong'ona. "Kauliwa mwanawe na bado anamlilia!"

Binti alikuwa amesimama karibu kabisa, amemshikia mama mkoba. Alisikia kila neno, na hakufungua kinywa.