Kompyuta Ilitaka Jina

Mshale uliganda katikati ya ubeti, na Getruda akadhani ni kipanya tu, maana kile cha kwake kilikuwa na tabia ya kununa. Akakisugua gotini, akakirudisha mezani. Wapi. Akabonyeza kibodi, herufi haikutoka hata moja. Ndipo alipoona kwamba kile kitaa cha kijani kwenye kibodi kimezimika.

Kwenye kioo maneno yalikuwa yanawaka kama kawaida. Ulionekana ukurasa mmoja tu. Nyuma yake zilikuwepo nyimbo zote ambazo baba yake alimwimbia tangu kunakucha. Hakuna hata moja aliyoihifadhi.

Baba huyo, Mzee Mashimba, alikuwa manju wa ngoma, mtunzi na mwimbaji kiongozi. Kuanzia Misungwi mpaka njia ya Shinyanga, asipokuwepo yeye, sherehe za mavuno hazikunoga. Sasa koromeo lilikuwa limeota uvimbe. Jioni ile anapelekwa kulazwa, kesho yake anapasuliwa, na daktari alishasema bila kuzunguka kwamba sauti haitarudi. Kwa hiyo Getruda akamleta nyumbani kwake Nyakato, akamkalisha kando ya kompyuta aliyotumiwa na kaka yake Nathaniel kutoka Ulaya baada ya kiwanda cha nguo kumpunguza Getruda kazini. Ndiyo iliyokuwa inamlisha, kwa kadi za harusi na vipeperushi vya ufunguzi wa maduka, maana mwaka ule wa tisini na tisa kila aliyekuwa na chumba cha mbele alifungua duka.

Habari kwamba mzee anaimba kwa mara ya mwisho haikuhitaji redio. Sebule ilijaa, waliokosa viti wakakaa sakafuni, waliokosa sakafu wakachungulia dirishani. Mama Maige wa nyumba ya pili alikuja na kiti chake mwenyewe.

Na kwa nini hakuhifadhi? Ni kwa sababu mashine ilitaka jina. Kila alipotaka kuweka kazi, ilimuuliza iiteje, na mzee akauliza inasemaje, naye akamweleza. Mzee akatikisa kichwa. Kwao mtunzi haupi wimbo wake jina. Unachezwa kwanza mpaka uishe, kisha wachezaji wanauita wanavyopenda; ukiuwahi kwa jina, umeunyonga.

"Unataka kumpa jina mtoto ambaye hata kichwa hakijatoka?" alimwambia. "Ngoja tumalize, mwanangu."

Getruda angeweza kudanganya, akaandika neno lolote. Lakini Mama Maige alikuwa anajua kusoma, na alikuwa nyuma ya bega lake, na asingekaa nalo hata dakika. Akaahirisha. Ilipouliza tena, akaahirisha tena.

Sasa kila mtu akawa fundi. Mmoja akasema kompyuta imechoka, ipepewe. Mwingine akadai kuna mdudu wa ziwani ameingia. Getruda akachomoa waya wa kibodi na kuuhamishia tundu la pili. Kimya. Akapuliza matundu yote mawili, akayafuta kwa pamba yenye spiriti, akachomeka tena, akachomoa. Kibodi ya zamani ya kuazima isingesaidia, kwani mashine ile haikuwa na tundu la duara la kibodi za aina hiyo. Vyote vilipitia matundu yale mawili ya ubavuni, kipanya kikipitia kibodi. Jasho likamtiririka mgongoni. Mzee alikuwa anautunza ule uzi wa sauti uliobaki, na macho yake yalikuwa mikononi mwa binti yake.

Mama Maige alikuwa ameshatuma mtu mjini kumwita Odoyo, Mjaluo wa Musoma aliyejulikana kwa kufufua televisheni. Odoyo akaingia, akamwamkia mzee shikamoo, akaitikiwa kwa mkono tu. Akainama ubavuni mwa mashine na tochi. Hakukaa sana. Akauliza ni nani aliyechomeka kitu hapa kwa nguvu.

Watu wakatazamana. Chenge, shemeji yake Getruda, wa kiwanda cha minofu ya samaki, akaanza kukagua kucha zake. Wakati wote wanaitikia kiitikio, yeye alikuwa amejaribu kuunga mashine ya kuchapia ili apate nakala ya wimbo mmoja wa kwao. Waya ulikuwa umegeuka juu chini. Yeye akausukuma, kisha akauchomoa.

"Mimi nilidhani tundu ni jipya, linabana," alisema.

"Shemeji, wewe hata mlango wa choo unausukuma palipoandikwa vuta," Mama Maige akamwambia, na hakuna aliyecheka.

Odoyo akaomba sindano ya kushonea vitambaa, akanyoosha kibati kilichopinda ndani ya tundu. Kisha akamweleza Getruda taratibu kwamba vyuma viligusana, na umeme wa matundu umejikata wenyewe, kama kikatio cha nyumba kinavyoanguka. Haurudi mpaka mashine izimwe, ichomolewe ukutani, ikae ipoe.

"Na kilichoandikwa?"

Odoyo alimtazama mzee, si yeye. "Kama hukuhifadhi, dada, kitaondoka."

Getruda akachukua kadi za harusi ya watu, akazigeuza, akanakili nyuma yake ukurasa ule mmoja uliokuwa unaonekana. Akawageukia waliokuwemo, akawasihi waimbe walichokishika. Waliimba, wengine wakilia. Lakini walichokishika ni viitikio. Beti zilikuwa za mzee peke yake, na kila kiitikio kilipofika mwisho wake nyumba nzima ilisimama, inamngoja mtu aliyekuwa anaitunza sauti yake ya mwisho.

Akachomoa waya ukutani mwenyewe. Hakutaka afanyiwe na mtu.

Ilipowashwa tena, kitaa cha kijani kikawaka. Hakuna aliyeshangilia. Ukurasa ulikuwa mweupe, na gari la kumpeleka mzee lilikuwa limeshafika uani. Mzee akamvuta binti yake kwa ukosi wa gauni. Sauti yake ilikuwa inakwaruza kama majani makavu ya mahindi.

"Ipe jina kwanza."

"Baba, hakuna kitu ndani."

"Iite Ng'washi."

Lilikuwa jina la marehemu mkewe, mama yake Getruda. Getruda akaliandika, akahifadhi ukurasa mtupu. Mzee hakuanza na nyimbo zake kubwa zilizojaza viwanja. Alianza na kiwimbo kimoja kidogo ambacho hakuna mtu pale aliyewahi kukisikia, cha msichana aliyemkimbia manju uwanjani akamwachia kanga mkononi. Getruda akaandika mstari, akahifadhi. Akaandika mstari, akahifadhi. Kwenye ubeti wa pili sauti ikakatika. Mzee akafungua mdomo tena, pakatoka pumzi tu.

Basi akaendelea kwa kupiga meza, kiganja kimoja, mdundo uliobaki wa wimbo mpaka mwisho wake. Getruda aliitazama kibodi, hakuona herufi ya kitu kile. Akabonyeza kuhifadhi, hata hivyo.