Kome wa Gati la Kusini

Veneranda alitoka Mwanza kuja Stockholm kusomea viumbe wa majini, akamaliza, akabaki. Kwa miaka mitano kazi yake ilikuwa moja tu: kuwarudisha kome, viumbe wa maganda mawili, kwenye bandari ndogo iliyo mwisho wa reli ya kusini, ambako majitaka na pangaboi za meli viliwamaliza zamani. Kwenye bandari za nchi nyingine watu hurudisha chaza, lakini Bahari ya Baltiki haina chumvi ya kutosha kulea chaza. Kome wa huku ni wadogo, hawazidi kidole gumba. Hata hivyo wakishikamana hujenga mwamba, na mwamba huchuja maji.

Mzamiaji wake alikuwa Hervé, Mrundi anayeishi Södertälje. Vizimba vyote sitini vya kulelea kome alivishusha yeye, kimoja kimoja.

Julai hiyo joto lilikuja likagoma kuondoka. Siku ya tisa Hervé aliibuka, akashika ngazi ya gati, akavua kinyago.

"Dada, huko chini ni supu. Digrii ishirini na tano."

"Kome wanajifunga ukiwagusa?"

"Wengine. Wengine nimewagusa, wakabaki wazi tu."

Veneranda alijua maana yake: kome asiyejifunga anakufa. "Basi tuwashushe kwenye kina. Mita kumi na tano kuna baridi."

Walifunga kipimo cha oksijeni kwenye kamba, wakakiteremsha. Namba zilipungua kila mita, na kamba ilipofika mwisho zilikuwa karibu na sifuri. Juu joto, chini hakuna pumzi.

Alimpigia simu bosi wao, Felicia, aliyekuwa likizo kama nusu ya Uswidi.

"Tangi la maabara linabeba vizimba viwili," Felicia alisema. "Chukueni hivyo."

"Na hamsini na nane?"

"Veneranda, hakuna tangi jingine."

Hervé aliuliza watachaguaje. Veneranda akasema, "Vilivyo karibu na ngazi." Waliviweka kwenye ndoo za maji ya bahari, wakazizungushia barafu ya dukani na kuzipeleka kwa gari hadi maabara mjini.

Baada ya hapo hakukuwa na kazi ya kufanya, lakini kila asubuhi alikwenda gatini. Watu walikuwa wakiogelea, wamefurahi; kiangazi cha namna ile hawakukizoea. Mama mmoja mwenye watoto wawili alimuuliza kama maji ni mazuri.

"Ni mazuri," alijibu, na kwa watoto wale ilikuwa kweli.

Siku ya kumi na nne harufu ilianza. Walivuta kizimba cha kwanza, wakavuta cha pili. Maganda yote yalikuwa wazi, nyama imelegea. Walipofika cha kumi Hervé aliketi juu ya gati akiwa bado na mapezi miguuni, akalia.  Veneranda akaendelea kuvuta peke yake.

Wale wa maabara walipona. Septemba Felicia alikuja kusimama kando ya tangi, mikono mfukoni.

"Wenzetu wanalihitaji tangi. Utawarudisha lini bandarini?"

"Maji yamepoa, naweza hata kesho. Lakini kiangazi kijacho?"

 Felicia aliahidi kuomba mwezi mmoja zaidi wa kulitumia tangi.

"Asante," Veneranda alisema. Felicia alipoondoka, Veneranda akakunja mikono ya sweta na kuanza kuwabadilishia kome maji.