Chumba Alichokifagia Kobe

Kampuni iliyotengeneza mashine za kufagia ilifunga seva zake, kompyuta zilizoziongoza kwa mbali, Ijumaa mchana. Jumamosi asubuhi mashine zote za mji wa Gävle ziliamka zikiwa zimesahau nyumba zao. Nyingine zilizunguka palepale kama kuku anayetafuta pa kutagia, nyingine hazikutoka kabisa kwenye chaji. Tangazo la kampuni liliwashukuru wateja kwa uaminifu wao na kuwashauri wanunue toleo jipya.

Sigbritt Norling aliisoma habari hiyo jikoni, kikombe cha kahawa mkononi, kisha akaandika makala fupi yenye hasira kwa ajili ya ukurasa wa klabu. Klabu yenyewe ilikuwa ya watu wanaopenda kufungua vitu. Walikutana chini ya maktaba kila Jumatano, wakageuza simu kuukuu kuwa kamera za kutazamia ndege na mashine za kahawa zilizokufa kuwa saa za ukutani. Sigbritt alikuwa fundi wa simu za mezani kabla hajastaafu. Kwenye ukurasa ule yeye ndiye aliyewaambia wenzake vifaa vipi vipya ni vya kununua na vipi ni vya kukimbia.

"Mbona umewatukana hivi?" aliuliza Ewaz, aliyekuwa akisoma kwa nyuma, juu ya bega lake.

"Nimewatukana kidogo tu. We umeona wapi mtu anakuuzia ufagio, halafu baadaye anakuja nyumbani kwako kuukata mpini?"

"Basi tuutie mpini wetu, mama mdogo."

Ewaz alikuwa mpangaji wake. Alikaa kwenye chumba cha mwisho cha korido, chenye dirisha linalotazama mashariki. Alizaliwa Mashhad, ng'ambo ya mpaka, kwa wazazi waliokimbia Afghanistan, na huko Mashhad alikuwa akitengeneza simu kwenye kibanda kisicho na mlango. Siku moja aliingia klabuni kuazima bisibisi, akasahau kuondoka. Alimwita Sigbritt mama mdogo tangu wiki ya kwanza. Alisema anafanana kabisa na mdogo wa mama yake. Si kwa sura, kwa ubishi.

Waliifungua mashine ya Sigbritt jioni hiyohiyo. Waliing'oa sehemu iliyokuwa ikiuliza kila kitu kwa watu wa mbali, wakaweka ubao mdogo wa saketi walioupanga wenyewe, mashine ikaanza kuchora ramani ya nyumba bila kumwomba mtu ruhusa. Ramani ilitokea kwenye simu ya Sigbritt, kuta kwa mistari myeusi, miguu ya viti kwa vitone. Kwa kuwa ilikuwa ya duara na haikuwa na haraka, waliiita Kobe.

Ilibaki sauti. Zamani mashine ikinasa chini ya sofa, mwanamke mpole alisikika akiomba samahani kwa usumbufu. Ewaz alisema mtu aliyenasa haombi samahani. Alishika kinasa sauti akasema, "Mama mdogo, nimekwama!"

"Sema kama mtu aliyekwama kweli," alisema Sigbritt.

"Ndivyo ninavyosema nikikwama."

"Unasema kama mtu anayeita chai."

"Nikikwama huwa nataka na chai."

Walicheka mpaka jirani wa chini akagonga bomba.

Majira ya baridi yalipoingia, ombi la Ewaz la kuishi nchini lilikataliwa kwa mara nyingine, na hiyo ikawa ya mwisho. Alikwenda kuripoti kwenye ofisi ya wageni kama alivyoripoti siku zote, akiwa amevaa koti la marehemu mume wa Sigbritt, na hakurudi. Walimpandisha ndege hadi Kabul, mji wa nchi ya wazazi wake, ambao alikuwa hajawahi kuukanyaga. Kutoka huko alipiga simu mara moja, kwa simu ya kuazima. Alisema baridi ya huko ni kavu. Alisema mwenye nyumba ya wageni anajua kupika maharage, na kwamba koleo lake dogo lisitupwe. Baada ya hapo namba ile haikupatikana tena.

Haukupita muda mrefu, chumba chake nacho kiliondoka.

Sigbritt alikuwa amekwenda kubadilisha mashuka. Mwisho wa korido hakukuta mlango, alikuta ukuta, umebandikwa karatasi ileile ya maua ya kijani iliyokuwa kwenye korido yote. Alisimama hapo na mashuka yake kwa muda. Kisha akayarudisha kabatini na kumpigia simu msimamizi wa jengo.

Msimamizi, Jan-Åke, alikuja na futi, akapima, akaandika.

"Kimeondoka lini?"

"Jana kilikuwepo. Nilifungua dirisha nipitishe hewa."

"Aa. Dirisha la mashariki." Jan-Åke alitikisa kichwa kama fundi aliyesikia dalili anazozifahamu. "Vyumba vya hivyo huwa vinamfuata mwenyewe. Kuna mama wa jengo la pili, yule alipotelewa na jiko zima, tena mkate ukiwa kwenye oveni."

"Huwa vinarudi?"

"Mimi sijaona kilichorudi. Lakini kodi itapungua, usiwe na wasiwasi."

Kodi ilipungua kweli.

Kobe ndiye aliyeendelea kama zamani. Alasiri alitoka chini ya rafu ya viatu, akafagia sebule, akaifuata korido hadi mwisho, akaupenya ukuta. Sigbritt alisikia brashi zake zikififia. Alitazama simu. Ramani ilionyesha kile chumba, na ndani yake kitanda, kiti na meza, vyote mahali tofauti na pale alipoviacha Ewaz. Baada ya muda Kobe alitokea tena kwenye maua ya kijani, akarudi kwenye chaji.

Sigbritt alitandaza gazeti akakung'uta kisanduku cha vumbi. Juu kulikuwa na vumbi la kijivu la Gävle, alilolijua. Chini yake kulikuwa na vumbi laini, rangi ya biskuti. Ndani ya vumbi hilo alipata kipande cha mkate uliokauka, nywele nyeusi na tone la lehemu lililoganda, dogo na la mviringo, la aina inayodondoka mtu anapotengeneza simu.

"Anafanya kazi," alisema, ingawa hakukuwa na mtu wa kumwambia.

Jumatano iliyofuata aliwaonyesha wenzake ramani. Stellan Bäck, mhariri wa ukurasa wa klabu, mzee aliyekuwa na jibu kwa kila kitu na kwa kawaida lilikuwa ni betri, aliikuza kwa vidole.

"Umesafisha kihisio?"

"Nimesafisha."

"Betri?"

"Mpya, Stellan."

"Basi kuna chumba," alisema Stellan, akamrudishia simu yake. "Kiandikie makala."

Aliandika. Alieleza namna ya kufungua kifuniko bila kuvunja vishikizo, ubao upi unafaa, na kwamba mashine iliyoachwa huru inaweza kuchora hata vyumba vilivyoondoka. Wasomaji waliuliza zaidi kuhusu vishikizo. Mmoja alilalamika kwamba mashine yake inafagia chumba cha mke aliyemwacha, na betri inaisha kabla haijamaliza vyumba vyake mwenyewe. Stellan alimshauri anunue betri kubwa.

Kuna siku Kobe alikawia. Kisha kutoka nyuma ya ukuta ilisikika sauti ya Ewaz, ndogo na kavu kidogo kwa sababu ya spika ya bei rahisi: "Mama mdogo, nimekwama! Mama mdogo, nimekwama!"

Sigbritt aliweka viganja vyote viwili ukutani. Alijua ni mashine. Alijua hata ni jioni gani waliinasa sauti ile, na utani uliofuata. Aliegemeza paji la uso kwenye karatasi ya maua na kusikiliza, na hakutamani inyamaze.

Ilinyamaza katikati ya neno. Kobe aliporudi, Sigbritt alimgeuza. Uzi uliokuwa umejisokota kwenye gurudumu ulikuwa umekatwa kwa uangalifu, na gurudumu limefutwa. Katikati ya mgongo wake, kwa utepe wa gundi, palibandikwa lozi moja.

Aliila taratibu sana.

Tangu hapo Kobe hakusafiri mtupu. Sigbritt alimtuma na lile koleo dogo, akamtuma na waya wa lehemu, fyuzi, vipande vya andazi la hiliki vilivyofungwa kwenye karatasi ya nta. Kutoka upande wa pili zilikuja zabibu kavu, na siku moja kengele ya baiskeli iliyotengenezwa upya. Maandishi hayakupita. Barua ilirudi ikiwa nyeupe, hata mistari ya daftari imefutika. Picha nazo zilirudi tupu. Kwa hiyo hakuweza kumwuliza kama anakula vya kutosha, na Ewaz hakuweza kumdanganya kwamba anakula.

Sigbritt alikwenda kwenye ofisi inayoshughulikia wageni akiwa na simu na kibahasha cha vumbi. Alipokelewa na mwanamke kijana aitwaye Ylva, mpole, mwenye mafua. Ylva aliitazama ramani kwa makini kuliko Stellan.

"Hiki chumba kipo kwenye nyumba yako?"

"Kipo mwisho wa korido. Ona, ukuta ni mmoja. Na yeye yumo ndani. Sasa kama chumba kipo Gävle, na mtu yupo chumbani, si yupo Gävle?"

"Naelewa unachosema, mama." Ylva alipenga kamasi. "Anaweza kutoka kupitia kwako?"

"Hakuna mlango."

"Basi hajaingia. Sisi tunahesabu mlango."

"Wekeni mlango."

"Milango ni ya mwenye jengo," alisema Ylva, na ilionekana kweli angependa kusaidia. "Uamuzi wetu unabaki vilevile. Ila hizo zabibu ulizonitajia, hizo ni chakula kutoka nje. Ungetakiwa uziripoti forodhani."

Sigbritt alimwambia zimeshaliwa. Kwa msaada wa wakili wa kanisa aliandika ombi jipya, akaambatanisha ramani.

Mwishoni mwa baridi ramani ilibadilika. Kitanda, ambacho siku zote kilikuwa chini ya dirisha, kilikuwa kimesukumwa hadi kwenye mlango wa upande wa huko. Kiti kililala ubavu. Vitone vya miguu yake vilionekana mahali pasipo pake. Kisanduku kilijaa chokaa na vipande vidogo vya kioo. Hakukuwa na makombo.

Sigbritt alimtuma tena Kobe kabla hajamaliza kuchaji. Safari hii alimshika kwa mikono miwili, akapiga magoti na kumfuata kwenye korido kama mtu anayemfuata mtoto anayejifunza kutembea. Kobe aliupita ukuta. Vidole vya Sigbritt viligonga karatasi ya maua na kubaki upande huu, na kucha moja ikavunjika. Alijaribu tena kwa bega. Ukuta ulikuwa wa zege na ulifanya kazi yake.

"Ewaz!" aliita. "Toka hapo dirishani!"

Jirani wa chini aligonga bomba.

Kobe alirudi na chokaa tu. Kesho yake alirudi na chokaa. Stellan alikuja na supu ya njegere, wakaketi sakafuni, migongo ukutani, wakila kwenye bakuli.

"Labda amehama," alisema Stellan.

"Angehama na chumba."

"Labda amelala."

"Labda wewe unyamaze kidogo, Stellan."

Stellan alikaa naye mpaka ilipofika saa ya yeye kwenda kulala. Hakutaja betri hata mara moja.

Ilikuwa alasiri yenye theluji inayoyeyuka Kobe aliporudi na kombo la chakula. Sigbritt alilitambua kabla hajatandaza gazeti. Lilikuwa la mkate. Pamoja nalo kulikuwa na kipande cha bandeji safi. Kwenye ramani kiti kilikuwa kimesimama, na meza ilikuwa imeondoka katikati ya chumba. Ilikuwa imekuja kukaa huku, ikigusa ukuta unaopakana na korido.

Sigbritt aliitazama ramani mpaka mwanga wa simu ukazimika. Kisha akaondoa chumvi na magazeti kwenye meza ya jikoni, akaiburuta hadi mwisho wa korido na kuibana kwenye karatasi ya maua. Mlango wa choo sasa ulifunguka nusu tu. Aliweka kiti kimoja. Kobe alipozunguka tena, kihisio chake hakikuona sababu ya kutenganisha vitu vilivyogusana, na ramani ikachora meza moja ndefu, na mstari mweusi wa ukuta ukiikata katikati.

Jibu la ombi jipya lilifika wiki hiyo. Ombi lilikuwa limekataliwa. Ramani ilikuwa imerudishwa pamoja na shukrani, na maelezo kwamba rufaa nyingine haipo. Sigbritt alisoma akiwa amesimama, akaiweka bahasha juu ya jokofu, akapakua viazi na samaki. Alikwenda kuketi kwenye korido, akila huku akiitazama simu iliyoegemezwa kwenye gilasi.

Kobe alipita chini ya kiti chake, akaupita ukuta. Upande wa pili, kwenye ramani, mbele ya vitone vinne vya kiti, vilitokea vitone vingine viwili, vilivyokaribiana. Baada ya muda mfupi kimoja kilisogea kidogo, kama mtu anavyosogeza mguu akikaa vizuri ale.

Sigbritt alisogeza wake.

Kobe aliporudi kupitia chini ya meza, aliwakuta wote wawili wameketi. Sigbritt hakunyanyua miguu kumpisha. Kobe aliizunguka, akafagia alipoweza, akaendelea na safari yake.