Mpira Ukishaitwa

Mchezaji mzee kuliko wote katika timu ya wavu ya wasichana wa chuo alikuwa na miaka ishirini na minne. Mtaani, umri huo ni wa msichana mbichi kabisa. Lakini ndani ya timu ile, ambamo wenzake wengi walikuwa wametoka shule juzi tu, alihesabiwa miongoni mwa waliouona mwanzo wa dunia. Jeraha la goti lilimlia mwaka mzima wa masomo, ndiyo maana alikuwa bado yupo. Walimwita Mhenga. Kocha akimaliza kueleza jambo, wao humgeukia kumuuliza wahenga walisemaje. Akisinzia kwenye basi, hupeana zamu ya kusikiliza kama bado anapumua.

Yeye alijifanya kukereka, lakini moyoni alipenda. Ni nani asiyependa kubebewa mkoba?

Shida ilianza na wale wa mwaka wa kwanza, hasa binti mmoja waliyempa jina la Ngazi kwa sababu alikuwa akibadilisha balbu za bweni bila kupanda kiti. Ngazi alikuwa na mikono mirefu na malezi mazuri, na malezi ndiyo yaliyoleta balaa. Kwao mkubwa hupita kwanza, hukaa kwanza, hunawa kwanza. Kila asubuhi alimwamkia Mhenga shikamoo, na Mhenga, bila aibu, aliitikia marahaba.

Sasa, katika wavu kuna sheria ambayo haimo kitabuni lakini kila timu inaijua. Mpira ukija katikati ya wawili, anayeutaka hupiga kelele, "Wangu," na mwingine humpisha. Hata kama aliyeita amekosea, hakuna kubishana. Mpira ukishaitwa, umeitwa. Mhenga mwenyewe ndiye aliyewafundisha hayo siku ya kwanza, nao wakaitikia kwa vichwa vizuri sana. Lakini mpira ulipokuja kati yake na Ngazi, Ngazi alirudisha mikono na kumpisha mkubwa wake. Mhenga naye, akijua goti lake lilivyo, alikuwa akingoja aliye mwepesi aite. Mpira ukatua katikati yao taratibu, kama paka anayechagua mahali pa kulala. Ukatua hivyo kesho yake, na mechi iliyofuata, na nyingine.

Kocha, mwalimu wa hesabu aliyevaa filimbi hata darasani, alimwita Mhenga kwenye stoo ya vifaa.

"Wewe si mbovu, mwanangu," akamwambia. "Shida yako unaheshimiwa mno. Nikikutoa, hawa watoto wanapigiana kelele na mpira hauanguki. Nikikuingiza, wanakuwa kama wako ukweni."

Fainali ilikuwa Jumamosi, dhidi ya wasichana wa chuo cha uuguzi, na ndiyo ingekuwa mechi ya mwisho ya Mhenga kabla hajamaliza chuo. Kocha alisema atamwanzisha. Ila mpira wa kwanza utakaokufa kati yake na Ngazi, atamtoa, na hatamrudisha.

Siku nyingine Mhenga angemeza maneno hayo akaendelea. Lakini safari hii mama yake alikuwa anakuja. Mama huyo ni fundi cherehani, na miaka yote alikuwa akimshonea bintiye vikinga vya magoti kwa vitambaa vinavyobaki, asivione hata siku moja vikifanya kazi, maana Jumamosi ndiyo siku ya wateja. Sasa alikuwa ameamua kufunga kibanda. Mhenga alimwona akilini mama yake amevaa gauni lake la kutokea, amekuja kumtazama mwanawe akigawa chupa za maji kwenye benchi. Wazo hilo lilimnyima raha.

Kwanza alijaribu kuwafokea wale wadogo. Wakamwitikia "ndiyo, dada" kwa adabu ya kutisha, na mazoezi yaliyofuata wakampisha mpaka mlangoni. Hapo akatambua kwamba anatwanga maji kinuni. Kama heshima ndiyo ugonjwa, basi dawa ni kuivunja, na kuvunja heshima ya mtu mzima si kazi ngumu. Wapo wanaoimaliza kwa jioni moja.

Akahamia chumbani kwa Ngazi. Akikuta kimebaki kipande cha mwisho cha mkate, anasema "wangu" na kukila huku akimtazama mwenyewe usoni. Akiona mto umekaa vizuri, anasema "wangu," anaondoka nao. Akamnyang'anya mfagio katikati ya kufagia, akafagia vibaya, akaurudisha. Ngazi alivumilia yote. Alikwenda kwa wenzake kuuliza kama Mhenga anaumwa, wakamjibu kwamba uzee una mambo mengi.

Alhamisi asubuhi, kwenye masinki ya bwenini, Mhenga alinyoosha mkono akachukua mswaki wa Ngazi, ukiwa tayari umepakwa dawa, akaupeleka kinywani kwake.

"Wangu!"

Sauti ile ilisikika mpaka ghorofa ya juu. Aliyekuwa akinawa pembeni aliangusha sabuni. Ngazi akaziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Samahani, dada," akasema.

"Usiniombe samahani," Mhenga akasema, akimrudishia mswaki wake kwa furaha isiyoelezeka. "Rudia."

Akarudia, kwanza kwa kunong'ona, kisha kwa sauti, na mazoezi ya jioni hiyo akaita mipira mpaka akapatwa na kwikwi. Mhenga alilala usingizi wa mtoto.

Jumamosi mama akafika, gauni limepigwa pasi, sindano mbili zimesahauliwa kifuani. Ngazi alipoambiwa huyu ni nani, alipiga goti chini. "Shikamoo, mama." Mama akamshika kichwa, akamsifu kwa malezi, akamwambia amtunze dada yake. Mhenga aliyaona yote kwa mbali, akaona kazi yake ya wiki nzima inayeyuka.

Na kweli. Seti ya kwanza, mpira ukaja katikati, Ngazi akautazama kwa heshima zote. Mhenga alijirusha kifudifudi, akaukuta umebakiza kiganja kufika sakafuni, akaunyanyua. Kocha alikuwa ameshasimama. Alimtazama alivyolala pale, akakaa tena polepole. Mpira haukuwa umekufa, ila mwenye goti nusura afe.

"Mswaki," Mhenga alimwambia Ngazi akiinuka. Hakuongeza neno.

Ngazi alianza kuita. Sauti ilitoka nyembamba, ikanenepa kadiri mechi ilivyoendelea. Wauguzi walichukua seti mbili, kina Mhenga wakachukua mbili, na seti ya mwisho ikafika mahali ambapo pointi moja tu ingewapa kombe. Wauguzi wakapokea vibaya. Mpira ukawaponyoka, ukapanda juu na kuvuka wavu wenyewe, mlaini, usio na mwenyewe. Mpira wa namna hiyo mchezaji huuota usiku. Ulikuwa unashuka juu ya kichwa cha Mhenga.

Aliutaka. Alitaka mkono wake uwe wa mwisho kuugusa, mama yake akitazama, na alikuwa ameshafungua kinywa.

"Wangu! Mhenga, toka!"

Si dada, si samahani. Mhenga akafunga kinywa chake, akachuchumaa. Ngazi alipita juu yake na mkono ule mrefu, akaupiga mpira chini upande wa pili, na wauguzi wakabaki wanatazamana.

Baada ya kelele na kurukiana, Ngazi alikuja mbele ya mama mtu, kichwa chini, kuomba radhi kwa kumfokea mwanawe hadharani.

"Umefanya vizuri," mama akasema. "Mimi kumtoa huyu njiani nimeshindwa tangu azaliwe." Kisha akamgeukia bintiye. "Na wewe, nimefunga kibanda nikuone, mpira wa mwisho umechuchumaa kama unaokota sindano."

Mhenga alicheka, kisha akalia, kisha akacheka tena. Alivua vikinga vyake, akampa mama ashike, akaenda kuuchukua mfuko wa mipira ulioachwa kando ya wavu. Kuubeba ni kazi ya wadogo, naye hakuwa ameugusa kwa miaka. Leo alitaka kuupeleka stoo mwenyewe, mara ya mwisho, asionwe na mtu.

Mkono mrefu ukaishika kamba ya mfuko kutoka nyuma.

"Wangu," Ngazi akasema, kwa sauti ya chini.

Mhenga aliishikilia ile kamba kidogo. Kisha akaiachia, kwa kuwa umeshaitwa.